Milango ya Lamu na Mafunzo Yake kwa Vijana Wabunifu

Kwa tawfiki ya Mwenyezi Mungu nilijaaliwa kufunga safari kutoka Mombasa kwenda Lamu. Sikwenda kwa matembezi matupu. Nilikwenda na kijana mmoja miongoni mwa waliosoma chuoni kwetu, na yaliyotupeleka ni jambo ambalo siku hizi limo katika nyumba nyingi za Waislamu. Kwa ajili hii nimeona yafaa niwasimulie tuliyoyaona huko, huenda yakamfaa mzazi au kijana aliye katika hali kama yake.

Kijana huyu ana umri wa miaka ishirini. Alipomaliza skuli alijifunza kazi ya kubuni na kuchora kwa kompyuta: kadi za harusi, vibao vya maduka, alama za biashara, na majalada ya vitabu. Baba yake ni mfanyabiashara wa mbao na misumari, mtu mwema na mwenye kujituma, lakini moyo wake haukuikubali kazi hiyo. Alinijia akaniambia, "Maalim, mwambie mwanao aache mchezo huu. Mtu haoi kwa michoro." Na kijana naye, siku chache baadaye, alinijia kwa siri akaniomba nizungumze na babake. Juu ya hayo yeye mwenyewe alikuwa amevunjika moyo. Mfanyabiashara mmoja alimwagiza amchoree alama ya duka lake, akambadilishia mara kumi na tatu, kisha akamwambia kuwa jamaa yake amekwisha mchorea nyingine, wala hakumpa hata senti moja.

Nikaona kwamba maneno matupu hayatamtosha baba wala mwana. Basi nikamwomba baba anipe ruhusa nimchukue kijana Lamu, mji ambao riziki ya watu wengi, tangu karne na karne, imetoka katika mikono ya wabunifu.

Kabla ya kupanda basi tulipita Barabara ya Biashara hapa Mombasa, penye maduka ya kanga. Miongoni mwa maduka hayo limo la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, ambalo kila mama wa pwani hulijua kwa alama yake ya "Mali ya Abdulla". Nilimwambia kijana aitazame kanga moja kwa makini kana kwamba hajapata kuiona. Kanga ina pindo lizungukalo pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa upande wa chini. Upana wake na urefu wake havibadiliki sana: ni kama mita moja na kidogo kwa mita moja na nusu. Katika mipaka hiyo hiyo wabunifu wamekuwa wakitoa kanga mpya kwa zaidi ya miaka mia moja, na bado wanawake hungoja toleo jipya kwa hamu. Kijana alisema, "Maalim, sikujua kuwa kanga ina sheria." Nikamwambia, "Ina sheria, tena kali. Mama akijifunga, jina lazima lisomeke. Lisiposomeka, hata rangi ziwe nzuri namna gani, kanga hiyo italala dukani." Hilo likawa funzo la kwanza, kwamba kazi ya mbunifu hupimwa na yule atakayeitumia.

Safari yetu ilipita Malindi na Garsen, tukavuka mto Tana, hata tukafika Mokowe, mwisho wa nchi kavu. Pale tukaingia katika boti, na kwa mwendo mfupi mji wa Lamu ukatokea mbele yetu, nyumba zake za mawe zimepangana ufuoni na mashua zimefungwa mbele yake. Mji huu wa kale ulitiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Barabara yake kuu ya ndani, ambayo wenyeji huiita Usita wa Mui, ni nyembamba kiasi kwamba punda wawili wenye shehena wakikutana, mmoja hana budi kungoja.

Tulifikia mtaa wa Mkomani kwa jamaa wa zamani, naye alitukarimu kama ilivyo desturi ya Waamu. Nyumba yake ni ya kale, imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimeshikwa na boriti za mikoko. Kijana aliuliza kwa nini vyumba ni virefu lakini vyembamba. Mwenyeji wetu akacheka, akamwonyesha boriti. Mti wa mkoko mzuri haupatikani mrefu upendavyo, na kwa hiyo upana wa chumba huamuliwa na mti, si na tamaa ya mwenye nyumba. Vyumba vingi havizidi upana wa mita tatu hivi. Lakini tazameni walivyofanya wajenzi wale. Walipoona hawawezi kukipanua chumba, waligeukia kuta. Katika chumba cha ndani walichonga vidaka katika lipu ya chokaa, safu juu ya safu, vikubwa kwa vidogo, ukuta mzima ukajaa nakshi na vivuli. Humo viliwekwa vyombo vya kaure na vitabu. Mtu akiingia haoni dhiki ya chumba, huona uzuri wa ukuta.

Vijana wengi hulalamika kuwa hawana kompyuta ya nguvu, hawana vitabu, hawana mwalimu, au mteja amewapa nafasi ndogo na rangi mbili tu. Nyumba za Lamu zawajibu. Waliozijenga hawakungoja mti mrefu usiokuwapo. Waliuchukua ule mfupi waliojaaliwa, wakafikiri ndani ya urefu wake.

Siku ya pili tuliingia kutazama milango. Mlango wa Kiswahili una mbao mbili zifungukazo kwa ndani, una miimo miwili ya ubavuni, una kizingiti cha juu, na katikati una mfaa, nao ni ule mti uliosimama wima ulioshikamana na ubao mmoja, ufunikao pale mbao mbili zinapokutana. Nakshi nyingi huwekwa katika kizingiti, miimo na mfaa. Mbao zenyewe mara nyingi huachwa wazi. Tuliona maua, majani yaliyosokotana, minyororo, na katika baadhi ya vizingiti maandishi ya Kiarabu na tarehe za Hijria. Nilimwuliza kijana, "Kwa nini fundi hakuujaza mlango wote nakshi? Mbao zilikuwapo na mkono wake ulikuwa hodari." Alifikiri kidogo, akasema, "Labda ili jicho lipate pa kupumzika." Nikamwambia kuwa amesema kweli. Mwenye kutia kila kitu katika kazi moja huonyesha kuwa hajui kipi ni muhimu. Kadi ya harusi yenye maua pembe zote, rangi saba na maandishi ya namna sita ni kama mtu asemaye kwa kelele katika chumba kidogo.

Kisha tukaenda karakana ya fundi mmoja wa nakshi, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa ameketi chini juu ya mkeka, mwimo wa mbamba kofi mbele yake, patasi mkononi, na vijana watatu wakifanya kazi kandoni mwake. Baada ya salamu na kahawa nilimweleza habari ya kijana wetu. Mzee alimtazama, akamwuliza, "Mwanangu, mtu akikuletea kazi, wamwuliza nini kwanza?"

Kijana akajibu, "Namwuliza anapenda rangi gani, na mtindo gani."

Mzee akasema, "Mimi namwuliza mlango utakaa wapi, jua laupiga saa ngapi, mvua yaufikia au haiufikii, na nyumba ni ya nani. Nikishayajua hayo nachagua mti. Nikishachagua mti napima. Nakshi ni jambo la mwisho. Ukianza na maua, utafanya mlango mzuri usiofunga."

Kisha alituonyesha daftari lake, kurasa zake zimechakaa, limejaa michoro ya penseli na bikari, baadhi yake aliyorithi kwa mwalimu wake. Alituambia kuwa mwanafunzi akija kwake hapewi patasi ya nakshi mwanzo. Hunoa vyombo, hupiga msasa, hupiga randa. Kisha huchora michoro ya zamani katika karatasi mpaka mkono uizoee. Kisha hupewa pindo la pembeni, ambalo kosa lake halionekani sana. Kizingiti hupewa baada ya muda mrefu. Nilifurahi kusikia hayo, maana ndivyo tufanyavyo chuoni: mtoto huanza na herufi, akaja katika irabu, na mwisho akasoma kwa mtiririko. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname.

Kijana alijikaza akauliza lililokuwa likimsumbua. Alisema, "Mzee, siku hizi ziko programu za kompyuta zinazochora zenyewe. Mtu huandika maneno machache, picha ikatoka. Je, kazi yetu itabaki?"

Mzee hakukasirika wala hakudharau. Alisema kuwa hata mbao sasa zina mashine za kuchonga, nazo hukata haraka kuliko mkono wake. "Lakini," akasema, "mashine hiyo haikwenda kuitazama nyumba. Haikujua kuwa mwenye mlango ana mama mzee asiyeweza kusukuma mti mzito. Anayekwenda, akatazama, akauliza, akafikiri, huyo atatafutwa. Anayechonga tu bila ya kufikiri, huyo ndiye wa kuogopa mashine." Naam, wasomaji, nimeyapima maneno haya tangu siku ile na nimeyaona yana uzito. Ala yaweza kutoa michoro mia kwa saa moja, lakini katika mia hiyo yupo mtu lazima ajue upi umfae nani, na kwa nini, na ajitwike jukumu lake.

Ndipo nikamtajia mzee habari ya yule mfanyabiashara na mabadiliko yake kumi na matatu. Mzee alitikisa kichwa. Alisema kuwa kwake yeye mchoro hukubaliwa katika karatasi kwanza, kwa sababu patasi ikishaingia katika mti hakuna kurudi. Mteja hutoa sehemu ya fedha, ambayo hununulia mti. Siku ya kukabidhi hujulikana, na baki ya fedha hulipwa siku hiyo. "Wewe," akamwambia kijana, "kosa lako ni kuwa kazi yako yafutika. Mtu akiona yafutika hudhani haina gharama. Basi mwandikie mapema: michoro nitakuonyesha mingapi, utabadilisha mara ngapi, na ukizidisha utaongeza kiasi gani."

Hapa nataka kuongeza neno. Katika Sura ya Al-Baqara imo aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo yatuamrisha kuandika tunapokopeshana kwa muda na kuweka mashahidi. Twaisoma aya hii tangu utoto, lakini tukifika sokoni twaona haya kuandikiana, hasa na jamaa na jirani. Kuandika si kumtuhumu mtu. Kuandika huhifadhi udugu. Mwenye kuagiza kazi na mwenye kuifanya wote wawili yawapasa wajue sifa za kitu, kiasi chake, muda wake na bei yake. Na ninyi mnaoagiza, jueni kuwa saa za kijana zilizotumika katika kufikiri ni mali yake, kama vile mbao ni mali ya muuza mbao. Kumchukulia saa hizo bila malipo ni dhuluma, hata kama hakuna kitu kilichotoka dukani.

Lamu haiwezi kutajwa kwa sanaa bila ya kumtaja Muhammad bin Abubakar Kijuma, ambaye wengine humwita Kijumwa. Alizaliwa katikati ya karne ya 19, akafariki mwaka 1945. Alikuwa mnakishi wa mbao, mwandishi wa hati nzuri za Kiarabu, na mshairi. Wataalamu wa Ulaya waliotafuta tenzi za Kiswahili, kama Alice Werner na William Hichens, walimtegemea sana awanakilie, na hati za mkono wake zimehifadhiwa hata leo katika maktaba ya SOAS huko London. Na nakshi moja ya Lamu, yenye majani yaliyosokotana, huitwa kijumwa kwa kunasibishwa naye.

Tulizungumza habari yake jioni tukiwa ufuoni. Nilimwambia kijana, "Tazama, mtu huyu hakuwa mchongaji tu. Alisoma, alihifadhi tenzi, aliijua lugha na khati. Mkono wake ulipofika katika mti, ulikuwa umekwisha lishwa." Mbunifu asiyesoma huchota katika kisima kikavu, na mwisho wake ni kuiba michoro ya wenziwe. Na kuna tofauti kubwa baina ya kujifunza kwa mtu na kumwibia. Kijana wa karakana hunakili mchoro wa mwalimu wake mbele ya mwalimu, ili ajifunze. Mwizi hunakili kwa siri, akauza, akasema ni wake.

Ng'ambo ya Lamu, katika kisiwa cha Pate, uko mji wa Siyu. Hatukujaaliwa kuufikia safari hii, lakini mwenyeji wetu alituzungumzia sifa zake. Katika karne ya 18 na ya 19 Siyu ilisifika kwa waandishi waliokuwa wakinakili misahafu kwa mkono na kuipamba, na kwa kazi za ngozi na za mbao. Karatasi zilitoka ng'ambo na zilikuwa ghali. Mwandishi alipaswa kupima kurasa kabla ya kutia wino, aache pambizo, ajue mistari mingapi itaingia, na mapambo yake yasiyashinde maneno matukufu. Huo ni ubunifu wa daraja ya juu, ambapo mwenye kupamba hujificha nyuma ya kile anachokipamba. Misahafu ya Siyu sasa hutazamwa na wataalamu wa nchi mbalimbali, wala walioiandika hawakujua kuwa itafika huko.

Wala mtu asidhani kuwa kazi hii ni ya wanaume peke yao. Katika mitaa ya Lamu tuliwaona akina mama na wasichana wakishona kofia za vitobo. Kofia nyeupe huchorwa kwanza, kisha hutobolewa na kuzungushiwa uzi, kitobo kwa kitobo, mpaka maua yakatokea. Kofia moja yaweza kuchukua majuma mengi. Kadhalika wako wachoraji wa hina ambao bi harusi huwaagiza mapema kwa kuogopa kuwakosa. Binti mwenye kipaji hiki, akifunzwa kupima, kuhesabu gharama na kutunza ahadi, ana chumo la halali mkononi mwake.

Tuliporudi Mombasa kijana alimweleza babake yote. Sitasema kuwa baba aligeuka kwa siku moja, kwani mashaka ya mzazi hutokana na mapenzi na hayaondoki kwa hadithi za safari. Lakini alimuuliza mwanawe swali ambalo hakupata kumuuliza kabla: "Mchoro mmoja wakuchukua saa ngapi, na wauuza kwa kiasi gani?" Kijana hakuwa na jibu. Basi wakakubaliana kuwa kwa mwaka mmoja kijana ataendelea, kwa sharti aandike katika daftari kila kazi, saa zake, gharama zake na malipo yake, na kila mwisho wa mwezi waketi pamoja walitazame. Baba, ambaye maisha yake yote ameishi kwa hesabu za misumari, sasa ndiye amfundishaye mwanawe hesabu za michoro. Nimeliona daftari hilo. Miezi miwili ya mwanzo ina kazi chache na fedha kidogo. Lakini kila kazi ina karatasi ya makubaliano iliyotiwa saini, na hakuna hata moja iliyokwenda bure.

Enyi vijana wetu, kazi hii ni njema mkiifanya kwa ilimu na uaminifu. Anzeni kwa kumsikiliza mtu, ndipo mshike kalamu. Jifunzeni misingi kwa mkono, karatasi na penseli, hata kama mwisho mtafanya kwa kompyuta. Someni vitabu, tazameni milango, mikeka, kanga na misikiti ya kwenu, maana humo mna hazina ambayo watu wa mbali huifuata kwa nauli kubwa. Andikianeni na mteja. Mkiahidi Alhamisi, iwe Alhamisi. Na mkikosolewa, msichukie, bali ulizeni sababu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini hata chema chahitaji muda kabla ya kujulikana.

Nanyi wazazi, msiidharau kazi kwa kuwa hamkuizoea. Qur'ani, katika Sura ya Sabaa, inatueleza kuwa Nabii Daudi, alayhis salaam, alilainishiwa chuma na akaamrishwa kutengeneza nguo za vita na kuzipima vyema pete zake. Mtume mwenye ufalme alifundishwa vipimo vya pete za chuma. Na Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, ametufundisha kuwa chakula bora ni kile mtu alicho nacho kutokana na kazi ya mkono wake, akamtaja Daudi kuwa mfano. Basi mkimwona mtoto ana jicho la kuona na mkono wa kuchora, mtafutieni mwalimu, mwekeeni masharti, mfunzeni hesabu, kisha mpeni muda.

Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wetu chumo la halali, mikono yenye ustadi na nyoyo zenye amana. Amin.